Fundi Aliyenusa Moshi

Fundi hakuwahi kuwa na gari. Ndilo jambo la kwanza ninalowaambia watu wanaoniuliza habari zake, na wengi hudhani natania. Kila asubuhi alishuka kutoka Bagira kwa miguu, shati jeupe limepigwa pasi, huku magari aliyoyatengeneza kwa mikono yake yakimpita na kumpigia honi. Ukisimama kumpa lifti, alikataa. Alisema ukiwa ndani ya gari husikii gari, na kwamba mtu anayetaka kujua injini ina shida gani asimame kando ya barabara aingoje ipite.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja hapa Bukavu. Gari langu ni jekundu, la zamani, la kabureta, nililoachiwa na baba, na kwa sababu ya gari hilo nilimjua Fundi kwa miaka mingi. Sitalitaja jina lake. Yeye mwenyewe hakulipenda. Kwa kila mtu alikuwa Papa Fundi, na mimi kwake nilikuwa Madame, hata siku aliponikasirikia.

Garaji yake ilikuwa kiwanja cha udongo kando ya barabara ya kupandia Bagira. Upande mmoja ulikuwa na paa la bati, upande wa pili ulikuwa wazi, na asubuhi ukungu wa ziwa ulipanda mpaka pale ukayafunika magari nusu. Nikikumbuka kile kiwanja, nakiona hivyo siku zote: magari yasiyo na magurudumu, na shati moja jeupe likitembea katikati yake. Sijui alifanyaje kazi ile bila kuchafuka. Niliwahi kumuuliza, akanijibu kwamba uchafu unamfuata mtu mwenye haraka.

Kazi yake ilianza nyuma ya gari. Mafundi wengine hufungua boneti kwanza. Yeye aliomba injini iwashwe, akaiacha ipate moto, kisha akazunguka nyuma, akainama kidogo kama mtu anayemwamkia mkwe, akachota moshi kwa kiganja na kuuleta puani. Akafumba macho. Hapo sote tulinyamaza, hata mama aliyechoma mahindi mlangoni, ambaye kwa kawaida hakunyamaza kwa ajili ya mtu yeyote.

"Hii iko na njala," angesema, akimaanisha kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa. Au: "Hii imekula kupita kipimo, iko natapika."

Ndipo alipofungua kabureta, akageuza skurubu robo mzunguko, akarudi nyuma kunusa tena. Mwisho kabisa alitoa buji, kile kijiti kinachorusha cheche ndani ya injini, akaitazama ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, mambo ni salama. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa njaa. Sikumbuki buji kuipinga pua yake hata mara moja.

Gari la baba lilipofika kwake mara ya kwanza lilikuwa linakohoa kila kona. Lilikuwa limetoka pwani, mbali kabisa, na baba alishaanza kusema kwamba alidanganywa na aliyemuuzia. Fundi alinusa, akatabasamu.

"Kule chini hewa iko nzito," aliniambia. "Gari inazoea. Inapanda huku kwetu, hewa iko nyepesi, lakini yeye anaendelea kukunywa esansi ile ile ya kule. Ni mugeni, Madame. Inapashwa kufundishwa."

Alilifundisha kwa asubuhi mbili, akilipunguzia esansi, yaani petroli, mpaka likazoea. Tangu hapo mimi nami nilianza kuyaona magari ya mji huu kama wageni waliozoeshwa hewa yetu, na nikipita mjini nilijikuta nikiyahurumia yale yaliyofika karibuni.

Pua ile ilileta pia matatizo. Kulikuwa na dereva wa teksi-basi, mwanamume mwenye sauti kubwa, ambaye habari yoyote ukimpa asubuhi ilikuwa imezunguka mji mzima kabla ya saa sita. Siku moja alifika na mkewe amekaa mbele. Fundi alinusa moshi, akafumba macho, akasema kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki, "Ah! Ulikuwa Luhwindja. Ule udongo wao unachomekaka ku tuyau ya moshi, sikosei." Mke aligeuka polepole. Alikuwa ameambiwa kwamba mumewe alikwenda Katana kwenye matanga.

Dereva hakuonekana garajini kwa mwezi mzima. Fundi aliumia kwa ajili ya jambo lile kuliko wao wawili, nadhani. Alisema pua haina adabu, kwa hiyo mwenye pua lazima awe nayo kwa niaba yake. Baadaye alinusa kila kitu kama zamani, lakini alisema nusu tu.

Kanisani aliketi benchi la mwisho kabisa, mlangoni. Watu walidhani ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba ubani ulimsumbua. "Padri ni mutu muzuri," aliniambia tukitoka misa, "lakini ile ubani anaichoma vibaya. Makala ya moto ni mingi, hewa kidogo. Melanji imezidi." Melanji kwake ilikuwa mchanganyiko wa hewa na kinachoungua. Alitamani sana kumrekebishia padri chetezo chake, na nilimwomba kwa jina la Bikira asithubutu.

Alivicheka vipimo vyote. Wateja waliorudi kutoka safari walimletea vifaa vya kila aina, vyenye saa na taa na nyaya, naye alivipokea kwa mikono miwili, akavipanga juu ya rafu ndani ya maboksi yake. Kimoja kilikandamiza karatasi zisipeperuke. Hata saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama. Aliivaa kwa heshima ya shati.

Kwa hiyo nilishangaa siku alipokuja shuleni kwetu, akaningoja chini ya dirisha la darasa mpaka kipindi kikaisha, akatoa mfukoni kipande cha boksi alichoandika kwa kalamu ya risasi.

"Madame, unisomee Kiingereza," alisema. "Nataka sonde. Ile kubwa. Ile inapima moshi."

Nilicheka. Nikamuuliza kama pua imechoka. Alitazama chini, akasema dunia iko naenda, na mimi nikaamini, kwa sababu niliipenda picha ya Fundi mzee anayetaka kujifunza.

Sonda hiyo ni kijiti cha chuma kinachoingizwa ndani ya bomba la moshi na kupima oksijeni iliyobaki. Tuliketi jioni tatu sebuleni kwangu, simu yangu katikati ya meza, nami nikatafsiri kurasa ambazo mwenyewe sikuzielewa. Kwenye kile kipande cha boksi kulikuwa na maswali matatu tu. Inasema namba, ao inasema ndiyo na hapana? Inaogopa maji? Ikikufa, nitapata ingine wapi?

Swali la kwanza liliondoa sonda za kawaida, zile anazoweza kuzing'oa kwenye gari lolote bovu. Hizo zinajua mambo mawili: petroli imezidi, au imepungua. Hazijui kiasi gani. "Ni kama kumuuliza mutoto kama ameshiba," alisema. "Atajibu tu apana." Alitaka sonda ya bendi pana, inayosema kiasi.

Kulikuwa na moja nzuri mno, yenye saa ya duara inayobadilika rangi kama taa za harusi. Niliipenda. Nilimwonyesha picha yake mara mbili, mara tatu, naye aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya binti wa tajiri. Kisha akaweka kidole kwenye swali la tatu. Nilisoma, nikakuta kijiti chake kinatengenezwa na wenyewe tu, na kikifa unaagiza kwao ng'ambo. Akatikisa kichwa. Tukachagua nyingine, sura mbaya, kisanduku cheusi na namba nyekundu, kwa sababu kijiti chake ni kile kile kinachofungwa kiwandani kwenye magari ya kawaida, yanayokufa hapa hapa kwetu kila siku. Waya wake ulikuwa mrefu, plagi yake ina raba ya kuzuia maji. Maswali yote matatu yalijibiwa. Ililetwa na dereva wa lori kutoka Kampala, imefungwa ndani ya soksi.

Karatasi yake ilisema kwamba kabla ya kuifunga, sonda lazima kwanza ipumue hewa safi, ili ijue hewa tupu ikoje. Fundi alilichukulia neno hilo kama amri ya kanisa. Garajini haiwezekani, alisema, kuna moshi. Kwangu haiwezekani, jirani anapika kwa mbabula, jiko la makaa. Alfajiri moja tukashuka ziwani, mimi naendesha, yeye kwa miguu kama kawaida yake, betri tu ndiyo iliyopewa lifti. Tuliacha gari mbali na maji. Aliibeba betri begani juu ya gunia, tukatembea ufukweni mpaka sauti za mji zikabaki nyuma.

Ziwa halikuonekana. Ukungu ulianza miguuni petu ukaendelea mpaka mbinguni, na mahali fulani ndani yake kulikuwa na ndege mmoja akiita. Fundi aliunganisha nyaya, akakishika kile kijiti kwa waya wake, akakiinua juu usawa wa uso. Namba nyekundu zilipanda, zikatetemeka. Tulisimama hivyo tukingoja kitu kile kipate pumzi, na kwa muda nilisahau kabisa kwamba nina kipindi saa mbili.

"Hewa iko safi hapa, Madame?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Unasikia kitu? Moshi? Samaki?"

Nikamgeukia. Nilikumbuka kwamba Jumapili iliyopita nilimwona kanisani benchi la kwanza kabisa, ubani ukimpita usoni, naye ametulia kama sanamu.

"Papa Fundi," nilisema, "pua yako iko wapi?"

Namba zilitulia kwanza.

"Ilienda," alisema. "Ile homa ya masika. Niliamuka siku moja, kahawa ilikuwa maji ya moto. Nilingojea irudi. Haikurudi." Akazima kisanduku, akaanza kukunja waya polepole. "Batu wakijua, kesho kiwanja iko bure. Jina yangu ni hii pua. Usiambie mutu, Madame. Hata padri."

Nilimwahidi. Nilitaka kulia, na nilijizuia kwa sababu yeye hakulia.

Gari langu ndilo lililopewa sonda kwanza. Alitoboa bomba la moshi karibu na mwisho wa sakafu, akachomelea nati, akakifunga kijiti kimeinama kidogo ili maji yasikae ndani. Kisha akaanza kazi. Namba zilisema injini ina njaa. Akaongeza petroli. Zikasema bado ina njaa. Akaongeza tena, akashangaa, akaongeza. Siku ya pili akaomba tupande nalo mlima wa Bagira na kurudi, na akaingia ndani ya gari langu. Ndiyo mara ya kwanza aliyokaa kiti cha mbele, magoti pamoja, macho kwenye zile namba. Gari lilikuwa zito na mimi niliona macho yananiwasha, lakini namba zilifika pale alipotaka, na nilikuwa na furaha mno kwa ajili yake hata sikujiuliza.

Tuliporudi watu walikuwa wamekusanyika. Habari ya kipimo kipya ilikuwa imefika mjini, bila shaka kwa mdomo wa yule dereva wa teksi-basi, aliyesimama mbele ya wote. Fundi alishuka. Injini ikinguruma, akazunguka nyuma, akainama, akachota moshi, akauleta puani, akafumba macho.

"Melanji iko sawa," alisema.

Mama wa mahindi alikuwa ameziba pua kwa kitenge. Wanaume wawili walirudi nyuma wakikohoa. Machozi yalinitoka kwa harufu ya petroli mbichi. Kisha Fundi akafumbua macho, akatuona, mikono yetu usoni, mmoja baada ya mwingine. Uso wake wa wakati ule sitausahau.

"Sawa namna gani, Papa Fundi?" dereva alipaza sauti. "Iko nanuka esansi mupaka ku macho! Wewe hausikie?"

Nilimwona Fundi akifungua mdomo, na nilijua kwamba atasema kweli.

"Ni mi," nilisema. "Nilimwanga esansi mu kofre asubuhi. Bidon ilianguka. Njo iko nanuka." Hakukuwa na bidon wala dumu lolote kwenye buti la gari langu.

Dereva akanitazama, halafu akaangua kicheko. "Madame! Kiingereza yote ile, na bidon inakushinda?"

Wote walicheka, na mimi nikacheka nao kama mjinga. Mpaka leo dereva yule akinipita mjini anatoa pua dirishani na kunusa hewa. Fundi hakucheka. Alizima injini, akatandika mgongo wake na lile shati jeupe juu ya udongo, akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika mkononi kipande cha kopo la maziwa, kimeliwa na kutu.

Alikiweka yeye mwenyewe. Miaka miwili kabla, bomba langu la moshi lilipotoboka kwenye mawe ya barabara, alilifunga kwa kopo na waya, kama tunavyofanya sote hapa, kisha akalisahau. Chini ya kopo tundu lilikuwa limepanuka, mbele ya mahali alipofunga sonda. Hewa ya nje iliingia pale, sonda ikaiona, ikasema injini ina hewa nyingi na petroli kidogo. Naye akaongeza petroli, akaongeza, mpaka gari likalewa. Pua ya zamani ingejua kwa pumzi moja.

"Sonde haikudanganya," aliniambia watu walipoondoka. "Iliona hewa, ikasema hewa. Mi njo sikujua hewa inatokea wapi." Alilishika kopo mpaka nikaondoka. Kuhusu bidon yangu hakusema neno. Hakunishukuru, si siku ile, si wiki ile. Nakiri kwamba iliniuma.

Lakini Jumamosi iliyofuata alituma mtu aniambie nije na madaftari ya wanafunzi nisahihishie garajini, kuna kivuli kizuri. Nilikuta kiti kimewekwa nyuma ya gari la kwanza, na sonda iliyong'olewa kwenye langu imeingizwa kwenye bomba lake. Tulipanga bila maneno mengi: nikigusa sikio la kushoto, gari lina njaa, la kulia, limezidisha. Yeye aliinama, akachota moshi, akafumba macho, akayafumbua kidogo upande wangu, akatazama namba zake nyekundu. Sikio na namba zikikubaliana, alitoa hukumu. Zikipingana, alikwenda kwanza kutafuta tundu kwenye bomba. Hakuna gari lililotoka pale likiwa limeharibika, na hakuna aliyejua, ingawa mama wa mahindi aliwahi kuniuliza kama nina ugonjwa wa masikio.

Alinifundisha mengi Jumamosi zile. Kwamba petroli isiyoungua inauma macho kabla ya pua. Kwamba moshi wa injini yenye njaa ni mkavu, una harufu ya chuma cha moto. Kwamba maji ya rejeta yakivuja ndani, moshi unakuwa na utamu. Aliyasema kwa hamu, macho yake mbali, na mimi nilinusa kwa niaba ya wawili.

Mwaka jana magoti yalimshinda. Binti yake alimchukua Katana, kwenye nyumba inayotazama ziwa, na kiwanja akamwachia fundi mwingine, pamoja na sonda na kile kipande cha boksi chenye maswali matatu. Nilikwenda kumwona wakati wa likizo. Nilipokata kona alikuwa tayari amesimama langoni na fimbo, shati jeupe mwilini.

"Buji ya tatu," alisema kabla sijazima gari. "Ibadilishe. Karibu, Madame."

Tuliketi uani. Jua lilikuwa laini, ziwa limelala, na binti yake alituletea chai. Aliniuliza pana harufu gani pale, kama alivyoniuliza kila mara. Nikamwambia: kahawa inayokauka kwenye mkeka, mikaratusi iliyo nyuma ya nyumba, sabuni ya nguo, na ziwa lenyewe, ambalo harufu yake sijui kuieleza. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila kimoja.

"Na mi?" akauliza, ghafla, bila kunitazama. "Tangu pua iende, sijijue. Niko nanuka nini?"

Sasa nikaelewa kwa nini shati bado lilipigwa pasi, hata huku mbali na garaji. Nilisogea karibu. Alikuwa na harufu ya sabuni na ya maziwa ya moto, harufu ya mzee yeyote anayetunzwa vizuri.

"Esansi, Papa Fundi," nilisema. "Kidogo tu. Melanji iko sawa."

Aliyatazama maji. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani nimemliza, mpaka nikaona ni kicheko.

"Uongo," alisema. "Mwaka muzima sijagusa gari. Leo nimeoga mara mbili juu nilijua unakuya." Akaweka mkono wake juu ya wangu, mkono uliokuwa mwepesi sasa. "Na ile bidon, Madame. Aksanti kwa uongo zote mbili."